Bimu haisomwi bila nguzo zake: hesabu ya momenti kwenye kiunzi cha zege

Maswali yanayotufikia sisi tunaosimamia ujenzi hapa Kigoma ni yaleyale. "Nikinenepesha nguzo, naweza kupunguza nondo za bimu?" "Bimu hii ina nondo tatu chini, ile ya jirani yenye urefu uleule ina mbili, injinia kakosea?" Na lile la kila wiki: "Nguzo nikiizungusha ilale na ukuta kuna ubaya gani, si ukubwa ni uleule?"

Yote matatu yanajibiwa na hesabu moja ambayo aliyemaliza kidato cha nne anaimudu. Lengo ni uweze kuusoma mchoro, kuukagua, na kujua wapi pa kusema "hapana, hapa msibadilishe". Mwongozo huu haukufanyi mhandisi. Ghorofa bado linahitaji mhandisi aliyesajiliwa na kibali cha halmashauri.

Nadharia ni hii tu. Momenti ni nguvu inayoipinda bimu, na bimu iliyobeba mzigo uliosambaa sawasawa ina jumla ya momenti isiyobadilika: mzigo kwa mita, mara urefu, mara urefu tena, gawa kwa 8. Nguzo haiipunguzi jumla hiyo hata kidogo. Kazi yake ni kuamua kiasi gani kikae kwenye ncha, ambako bimu inavutika upande wa juu, na kiasi gani kibaki katikati, ambako inavutika upande wa chini. Nguzo ngumu huizuia ncha ya bimu isizunguke, kwa hiyo momenti inahamia kwenye ncha. Nguzo laini huzunguka pamoja na bimu, na momenti inarudi katikati.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mchoro wa mhandisi unaoonyesha vipimo vya kila nguzo na uelekeo wake. Ramani ya vyumba peke yake haitoshi.
- Urefu halisi wa nguzo, uliopimwa kwa futi kamba pale kiwanjani.
- Mzigo wa bimu kwa kila mita, kutoka kwenye hesabu za mhandisi.
- Kikokotoo, penseli na karatasi. Simu inatosha.

Mfano tutakaotumia: chumba cha duka, bimu moja juu ya nguzo mbili, urefu wa bimu mita 5, kimo cha nguzo mita 3, bimu ya sentimita 23 kwa 45, mzigo wa kilonewtoni 24 kwa mita. Kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100, kwa hiyo kila mita ya bimu hiyo imebeba karibu tani mbili na nusu. Mzigo huu uwe tayari umezidishwa na vizidishi vya usalama (1.4 na 1.6 kwa wanaotumia BS 8110, kanuni za zege za Uingereza, 1.35 na 1.5 kwa wanaotumia Eurocode, kanuni za Ulaya).

Hatua ya 1: Chora kiunzi kinavyosimama

Chora ukiwa umekitazama kwa ubavu: nguzo, bimu, usawa wa ardhi, msingi. Kimo cha nguzo kinaanzia pale inapobanwa kweli, juu ya kitako cha msingi au kwenye bimu ya chini iliyoifunga, hadi katikati ya bimu ya juu. Usianzie kwenye sakafu kwa sababu tu sakafu ndiyo unayoiona.

Kama kiwanja chako kina mteremko, na Kigoma viwanja vya namna hiyo havihesabiki, andika kimo cha kila nguzo peke yake. Tutarudi huko kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Tafuta namba mbili za mwanzo

Jumla ya momenti: 24 × 5 × 5 ÷ 8 = 75 kNm (kilonewtoni-mita, kipimo cha momenti).

Momenti ya ncha kama ingebanwa kabisa, isizunguke hata chembe: 24 × 5 × 5 ÷ 12 = 50 kNm.

Nguzo zote utakazojaribu, kwenye kiunzi kilicho sawa pande mbili, zitakupa momenti ya ncha iliyo kati ya sifuri na 50. Nyingine yote hadi kufikia 75 inakaa katikati ya bimu.

Hatua ya 3: Kokotoa ukinzani wa kila umbo

Ukinzani ni jinsi umbo linavyokataa kupinda. Kwa umbo la mstatili: upana × kina × kina × kina ÷ 12. Tumia sentimita ili namba zisiwe ndefu kupita kiasi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. "Kina" cha nguzo ni kipimo kinacholala sambamba na bimu unayoihesabu. Kwenye mstatili wa 23 kwa 45 kuna majibu mawili tofauti:

45 ikilala sambamba na bimu: 23 × 45³ ÷ 12 = 174,656
23 ikilala sambamba na bimu: 45 × 23³ ÷ 12 = 45,626

Zege ni lilelile, nondo ni zilezile, gharama ni ileile. Ukinzani umeshuka karibu mara nne.

Tahadhari: usidhani nondo nene zitafidia. Nondo zinaongeza nguvu ya nguzo, yaani mzigo itakaobeba kabla ya kuvunjika. Ugumu unatokana zaidi na vipimo vya zege. Nguzo ya 23 kwa 23 ukiiwekea nondo nne za milimita 12 au nne za milimita 20, ugumu wake haupishani sana.

Hatua ya 4: Gawa kwa urefu, kisha linganisha

Ugumu wa bimu: 174,656 ÷ 500 = 349
Ugumu wa nguzo ya 23 kwa 45 iliyosimama sawasawa: 174,656 ÷ 300 = 582

Sasa gawa ugumu wa bimu kwa ugumu wa nguzo. Jibu liite k. Hapa k = 349 ÷ 582 = 0.6.

Kama bimu na nguzo ni za zege la daraja moja, hakuna kingine cha kuingiza. k ndogo maana yake nguzo ni bwana. K kubwa maana yake bimu ndiyo inayoiburuza nguzo.

Hatua ya 5: Pata momenti ya ncha

Chini ya nguzo kukiwa kumebanwa vizuri na msingi:

momenti ya ncha = 50 × 2 ÷ (k + 2)

Katikati inabaki 75 toa jibu hilo. Nimekufanyia nguzo tano ili uone mwendo wake, zote chini ya bimu ileile:

23 × 23: k = 4.49; ncha 15.4, katikati 59.6
23 × 30: k = 2.03, ncha 24.8, katikati 50.2
23 × 45, imezungushwa: k = 2.30, ncha 23.3, katikati 51.7
23 × 45, imesimama sawa: k = 0.60, ncha 38.5, katikati 36.5
23 × 60: k = 0.25, ncha 44.4, katikati 30.6

Tazama mstari wa tatu na wa nne. Kisa chake hakipiti mwezi bila kusikika. Mwenye nyumba amefika saiti, ameona nguzo inatokeza sentimita 30 ndani ya sebule kutoka ukuta wa tofali la inchi sita, roho haijatulia. "Fundi, hapo kabati halitakaa." Fundi naye hataki kumuudhi bosi: "Hiyo tunaizungusha tu, mzee, inazama ukutani." Ringi (vyuma vinavyozungushwa kuzifunga nondo za nguzo) zinageuzwa, mbao zinafungwa upya, na jioni zege limeshamwagwa. Bimu iliyopangiwa 36.5 katikati sasa ina 51.7, na hakuna aliyegusa nondo zake za chini. (Bimu za upande ule mwingine zimepata nguzo ngumu zaidi, ni kweli, lakini hazikuomba.)

Geuza momenti kuwa nondo uone uzito wa jambo. Kwa bimu hii, nondo za daraja la 460, kila kNm inataka karibu milimita za mraba 7 za chuma. Katikati ya 36.5 inahitaji kama 250, na nondo tatu za milimita 12 zina 339, zinatosha. Katikati ya 51.7 inahitaji kama 354. Tatu zilezile hazitoshi tena. Umekula akiba yote na ukapitiliza, kwa ajili ya kabati.

Hatua ya 6: Uliza kama msingi unabana kweli

Fomula ya hatua ya 5 inaamini kwamba msingi hauzunguki. Kwenye ardhi ngumu yenye kitako kikubwa, sawa. Kwenye mchanga wa karibu na ziwa, au kitako kidogo cha mita moja kwa moja, usiape. Fanya hesabu ya pili, ukichukulia kwamba chini ya nguzo kuna bawaba:

momenti ya ncha = 50 × 3 ÷ (2k + 3)

Nguzo ya 23 × 45 inatoa ncha 35.7, katikati 39.3. Ile ya 23 × 23 inatoa ncha 12.5, katikati 62.5. Tofauti si kubwa sana, kwa hiyo usibishane na mtu: nondo za juu zipange kwa hesabu ya msingi uliobana, nondo za chini kwa hesabu ya bawaba. Gharama inayoongezeka ni ndogo.

Msingi ukibana, nao unapokea momenti, nusu ya ile ya juu ya nguzo. Kwenye mfano wetu ni 38.5 ÷ 2, kama 19. Nguzo ukiifanya ngumu, unampelekea msingi barua ya deni. Mhandisi wa msingi aambiwe.

Tahadhari ya pili, na hii inahusu nyumba nyingi za Kigoma na Kasulu: nguzo ya tofali za kuchoma si nguzo ya kiunzi. Bimu ya zege iliyokaa juu ya tofali haijaungana nazo kwa nondo, kwa hiyo ncha inazunguka itakavyo. Momenti ya ncha ichukulie sifuri, yote 75 iko katikati. Hiyo inataka milimita za mraba 514 hivi, yaani nondo tatu za milimita 16 chini. Aliyenakili mchoro wa jengo la nguzo za zege akaupeleka kwenye jengo la tofali amejitafutia kesi.

Hatua ya 7: Kiwanja cha mteremko

Nyumba nyingi zinazotazama ziwa zina nguzo fupi upande wa barabara na ndefu upande wa bondeni. Mtu anaziona zote ni 23 × 30 na kuzichukulia kama mapacha. Sivyo. Nguzo ya mita 1.5 ina ugumu wa kuzuia mzunguko mara mbili ya ile ya mita 3. Na kama kuna kinachosukuma jengo kwa ubavu, upepo au tetemeko, ugumu wa kusukumwa unapungua kwa kimo mara kimo mara kimo: nguzo ya mita 1.5 ni ngumu mara nane kuliko ya mita 3. Zikiwa mbili tu, ile fupi inabeba sehemu 8 kati ya 9 za msukumo wote. Ndiyo inayoanza kukatika, wakati ile ndefu inayokutisha kwa macho imesimama salama.

Tetemeko si habari ya mbali huku. Tumekaa kwenye Bonde la Ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika.

Cha kufanya:

Usitumie fomula za hatua ya 5 na 6 hapa. Zinafaa nguzo mbili zilizo sawa. Nguzo zikipishana kimo, kiunzi kinayumba upande hata kwa mzigo wa juu peke yake, na ncha mbili za bimu zinapata momenti tofauti. Hesabu yake ni ya kugawa momenti hatua kwa hatua, njia aliyoichapisha Hardy Cross mwaka 1930, pamoja na marekebisho ya kuyumba. Au ya programu ya kompyuta. Mpe mhandisi vimo halisi, usimpe "kama mita tatu".

Ukiweza, punguza tofauti: shusha msingi wa nguzo fupi na uache udongo usiikumbatie nguzo hadi juu. Isipowezekana, nguzo fupi ifungwe ringi za karibukaribu kwa kimo chake chote, kwa nafasi atakayotaja mhandisi.

Ukuta wa nusu unaoishia chini ya dirisha nao unatengeneza nguzo fupi. Nguzo ya mita 3 iliyobanwa na tofali hadi mita 1.8 imebaki na mita 1.2 za kupinda. Acha nafasi ndogo kati ya tofali na nguzo, uijaze kitu laini.

Hatua ya 8: Ghorofa

Bimu ya sakafu ya kwanza ina nguzo chini na nyingine juu, zote zinaishika. Zikiwa sawa, tumia 50 × 4 ÷ (k + 4). Kwa nguzo za 23 × 30 ncha inakuwa 33.2, na kila nguzo inabeba nusu yake, 16.6. Bimu ya juu kabisa, yenye nguzo ya chini tu, inabaki na 24.8. Ndiyo maana nondo za bimu ya juu kabisa hazifanani na za sakafu hata mzigo ukiwa mmoja, na nguzo ya ghorofa ya juu, ambayo kila mtu anataka kuipunguza, ndiyo yenye momenti kubwa.

Nguzo za katikati ya jengo, zenye bimu sawa kulia na kushoto na mzigo sawa, momenti zinafutana. Ukizinenepesha kwa ajili ya bimu unapoteza zege. Zikipishana urefu wa bimu, hesabu inarudi.

Hatua ya 9: Kagua kiungo kabla zege halijamwagwa

Hesabu yote ya juu inategemea sehemu moja, pale bimu inapokutana na nguzo ya pembeni. Inama uangalie. Nondo za juu za bimu ziingie hadi karibu na uso wa nje wa nguzo, zikunje kushuka ndani ya nguzo, na urefu wote wa kushika uwe kama mara 40 ya unene wa nondo: milimita 640 kwa nondo ya 16. Mara nyingi utakuta zimekatwa zikaishia usawa wa ukingo wa ndani wa nguzo, kwa sababu kipande cha mwisho kilikuwa kifupi na nondo huku inafika imeshabeba nauli ya mwisho wa reli, hakuna anayependa kuongeza. Nondo ya namna hiyo haivuti kitu. Ncha yako ya 38.5 imegeuka kuwa karibu sifuri, na katikati inabebeshwa isichopangiwa.

Angalia pia ringi za nguzo zinapita ndani ya kiungo chenyewe. Mafundi huziruka hapo kwa sababu ni pagumu kufunga.

Ukikwama

Ncha na katikati hazifikii 75. Umekosea kutoa, au umetumia urefu wa bimu tofauti sehemu mbili.

Ncha imezidi 50. Fomula hizi haziwezi kutoa jibu hilo, kwa hiyo umekosea kuzidisha au kugawa.

Programu inatoa namba tofauti na zako. Kwanza angalia egemeo la chini, limewekwa bawaba au limebanwa. Kisha angalia kama imehesabu slabu (bamba la zege la sakafu) kuwa sehemu ya bimu. Bimu iliyoungana na slabu ni ngumu zaidi, k inapanda, momenti inahamia katikati. Kwa upande mwingine, bimu hupata nyufa ndogo na kulegea kuliko nguzo iliyokandamizwa, jambo linalosogeza momenti kurudi kwenye ncha. Tofauti ya asilimia kumi isikunyime usingizi. Ikiwa mara mbili, kuna kosa.

Nguzo imeshamwagwa imezungushwa, bimu bado. Una bahati. Rudia hatua ya 3 hadi 6, mpelekee mhandisi, ongeza nondo za chini kabla ya zege. Usipunguze za juu.

Bimu nayo imeshamwagwa. Usitoe miti ya kuegemeza, na usipandishe tofali za juu hadi mhandisi afike.

Kuna ufa. Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 0.3, ni kawaida ya zege lenye nondo. Ukiwa mpana zaidi, mahali ulipo panakuambia. Chini ya bimu, katikati: ncha hazikushika, nenda ukaangalie nguzo na kiungo. Juu ya bimu karibu na nguzo: nguzo ni ngumu kuliko ilivyodhaniwa au nondo za juu ni chache. Kwenye nguzo ya pembeni, upande wa nje, chini kidogo ya bimu: momenti imeingia kwenye nguzo isiyo na nondo za kuipokea. Huo wa mwisho ndio hatari zaidi. Egemeza bimu kwa miti pande zote mbili, piga picha ukiwa umeweka rula kando ya ufa, na plasta isipigwe hapo kabla mhandisi hajauona kwa macho yake.